Sinia ya Bi Mgeni

Nyumba ya Athman kule mtaa wa Woodley ilinuka ubani siku ya Jumanne, baada ya alasiri, na ndani hamkuwa na ubani hata chembe. Khamisa, mkewe, alifungua makabati, akanusa mito, akachungulia hata pipa la maji. Mwisho akakaa chini. Alikuwa amechoka, na hakuwa amefanya kazi ya kumchosha.

Huyu Athman alikuwa karani mjini, mtu wa Lamu, mpole, ila redio zilikuwa zimemteka. Si redio ya kusikiliza habari, la. Ile ya watu wenye leseni, wanaozungumza wao kwa wao hewani, kila mmoja ana herufi zake za kuitwa. Rafiki yake Makau, waliyekaa naye meza moja ofisini, alikuwa amehamishiwa Makindu. Athman alimsikia, lakini yeye hakumsikia Athman. Unamjibu mtu, unamjibu, naye anauliza tu kama upo. Inauma hiyo, jamani.

Basi akaamua kujenga mashine ya kuongeza nguvu, amplifaya wanaiita wenyewe. Alizunguka maduka ya River Road miezi miwili, akapata taa mbili nene za kioo zilizotoka jeshini, akapata transfoma ya kumvunja mtu kiuno. Kilichobaki kilikuwa shaba. Kwa mawimbi yale ya juu waya wa kawaida haufai, inatakiwa shaba pana, safi, nguvu isipotee njiani. Na shaba safi ilikuwa pale juu ya kabati: sinia ya marehemu mama yake, Bi Mgeni.

Sinia ile haikuwa ya pilau. Bi Mgeni alikuwa na jini la ukoo, na kila mwaka aliliandalia halua na marashi juu ya sinia hiyo, akafukiza ubani, jini likala likatulia. Alipofariki hakuna aliyeliandalia tena. Athman aliyajua hayo yote. Lakini si mtu wa ofisi? Alisema ni mambo ya wazee, akashika mkasi wa bati, akaikata vipande viwili, akavisugua kwa ndimu na majivu, akavifunga ndani ya sanduku la mashine pamoja na zile taa.

Mashine iliwaka siku hiyo hiyo, Jumanne. Makau alicheka kule Makindu kama mtu aliyepata mgeni kutoka safari ndefu. Na kila Athman alipobonyeza swichi ili aseme, Khamisa aliegemea ukuta jikoni.

Wiki ya pili alikuwa hawezi kukuna nazi. Wiki ya tatu kikombe kilimtoka mkononi. Daktari akasema damu imepungua, akampa vidonge.

"Bwana," Khamisa alimwambia mumewe, polepole, kwa sauti iliyokwisha, "ukisema na Makau, mimi naishiwa."

Athman alimwambia ameze vidonge vyake, apumzike.

Jumapili moja mchana, jua linawaka nje, Athman alikaa mbele ya mashine na kabla hajagusa swichi akaona mshale wa kipimo unapanda wenyewe, taratibu, kama kidole kinachoinuka kuonyesha mtu, na ule ubani ukamjaa puani mpaka macho yakatoka machozi, na kutoka chumbani alikolala Khamisa akasikia mnong'ono wa bikizee, Kiamu kile cha zamani, nao ukawa unapita kwenye zile taa ukaenda hewani, kwa maana Makau aliita kutoka Makindu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuuliza, ni mama gani huyo anayesema ana ndaa, yaani njaa, na kwa nini anaomba halua.

Athman alikimbilia chumbani. Midomo ya Khamisa ilikuwa inacheza. Macho yamefumbwa.

Walimwita Mwalimu Sharif, aliyefundisha Kurani mjini. Alikuja amechoka, mzee wa watu, akavua viatu, akauliza sinia iko wapi. Athman akaonyesha sanduku. Mwalimu aliinama akalinusa.

"Mwanangu, jini ulilinyima chakula. Kisha ukalipatia kinywa."

Akamweleza. Yeye atasoma, na harufu ikianza kupungua Athman achomoe waya ukutani. Asibonyeze kitu. Asiseme na mtu.

Mwalimu alisoma mpaka kanzu ikalowa. Ubani ukaanza kupungua. Na hapo Makau alikuwa hewani, anaita, ana wasiwasi. Sasa watu wa redio wana adabu yao: hufungi mashine bila kutaja herufi zako na kumuaga mwenzio, ni kama kutoka nyumba ya mtu kimyakimya. Mkono wa Athman ulikwenda wenyewe kwa mazoea.

"Makau, nafunga. Kwaheri, ndugu yangu."

Mshale ukaruka hadi mwisho, taa zikawa buluu, kisha zikapasuka zote mbili. Harufu ikakatika kama uzi. Chumbani Khamisa aliomba uji.

Alikunywa bakuli mbili. Athman alilia kwa furaha, lakini Mwalimu alikuwa anamtazama tu.

"Umemuaga nani?"

Gari moshi liliwafikisha Athman na Mwalimu Makindu wiki iliyofuata. Walimkuta Syokimau, mke wa Makau, anapepeta maharagwe, mzima. Athman akashusha pumzi. Makau akawaambia, huku anawakaribisha viti, kwamba mkewe huyo alikuwa amelala siku tano hoi, hawezi hata kujifunika, nyumba inanuka kama msikiti. Halafu Jumamosi jioni akapona ghafla.

"Jumamosi ulifanya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Niliongea na bwana mmoja wa Moshi. Sauti yangu ilivuka mpaka wa nchi vizuri ajabu. Nilipomuaga tu, mama huyu akaamka akataka chai."

Mwalimu Sharif alivua kofia akaiweka gotini. "Huyo bwana ana mke?"

"Sijui, Mwalimu. Namjua kwa herufi zake tu. Alikuwa na haraka, alisema kuna wenzake wanamngoja hewani, Arusha na Tanga."