Miezi Saba Tukiusingizia Mtandao

Kila siku ikifika saa kumi jioni, mama mkwe wangu alikuwa akiniuliza swali moja.

"Asifiwe, mtandao umeamkaje?"

Aliuliza kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Nami nilimjibu, "Bado, mama. Unasumbua."

Mama mkwe anaitwa Anjelina. Kwao ni Muleba, mkoani Kagera. Mwezi wa pili alianguka shambani akavunjika nyonga. Mume wangu, Theonest, akamleta hapa Bunju. Alifanyiwa upasuaji. Sasa anatembea na magongo, polepole, kutoka sebuleni hadi barazani.

Baba mkwe, Mzee Nikodemu, alibaki Muleba peke yake. Alikataa kabisa kuja. Alisema, kahawa yake ataianika nani? Tena masikio yake hayasikii. Ukimpigia simu anasema, "Alo! Alo! Nani?" kisha anakata. Siku moja jirani yake, mwalimu Fransis, alitupigia kwa video akampa mzee simu. Mzee akaipeleka sikioni. Dakika tano nzima tuliangalia sikio.

Ndiyo maana Theonest alifungisha kamera mbili kule nyumbani, na mashine ya kurekodi picha. Mafundi huiita DVR. Akamwahidi mama, "Utamwona baba kila siku kwenye kompyuta." Ahadi tamu hiyo! Miezi saba ikapita na mama hakuona hata kuku.

Alhamisi moja niliingia chumbani kwake. Nikakuta begi limefungwa, limewekwa kitandani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Jumapili mnipeleke stendi ya Mbezi Luis nipande basi."

"Mama! Daktari amekataa. Muleba ni mbali mno, na mfupa haujaunga."

"Mfupa haujaunga, na moyo je?" Aliketi kando ya begi. "Nimeolewa miaka arobaini na saba. Kabla ya nyonga hii sikuwahi kukaa hata wiki mbili bila kumwona mtu wangu. Nimemkumbuka, Asifiwe. Nimemkumbuka mpaka chakula hakishuki. Hata nikimwona anatembea tu, basi, nitatulia."

Nilitoka pale nikimwonea huruma. Halafu nikapata hasira. Nilimkuta mume wangu sebuleni, miguu juu ya stuli.

"Theonest, mama yako anataka kupanda basi na nyonga mbovu. Hiyo kamera vipi?"

"Si nimeshasema? Mtandao wa kule ni ishu."

"Mtandao, mtandao! Wali ukiungua nao utasema ni mtandao?"

Kesho yake nilishuka Tegeta. Nikaenda dukani kwa Nasim. Dada huyu na baba yake wanauza kamera za ulinzi, na yeye ndiye fundi. Nilimweleza yote. Akaniuliza, "Mlishawahi kukagua tatizo liko wapi hasa?" Nikasema hapana. Akacheka. "Basi mie nakuja kesho nikifunga duka."

Jumamosi saa tisa akafika na kibegi chake cha vifaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumtibu mtandao?"

"Nimekuja kumpima kwanza, mama. Huenda haumwi."

Theonest akaguna. Nasim hakumjali. Alimpigia simu mwalimu Fransis, ambaye tulikuwa tumemwomba aende kwa mzee.

"Mwalimu, taa za mashine zinawaka?"

"Zinawaka."

"Na ruta, kile kifaa cha intaneti?"

"Kinawaka. Hata sasa hivi simu yangu inatumia intaneti ya hapa."

"Na kwenye televisheni iliyounganishwa na mashine, picha zinaonekana?"

"Safi kabisa. Namwona jogoo uani."

Nasim akatugeukia. "Mmesikia? Umeme upo, intaneti ipo, kamera ni nzima. Kila mara anzeni hapo. Sasa tuje upande wetu. Braza, huwa unafunguaje?"

Theonest alibandua karatasi kwenye mlango wa friji. Fundi aliyefunga kamera ndiye aliyemwandikia. Ilikuwa na namba: 192.168.1.108. Akafungua kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, akaiandika namba juu kabisa. Tukasubiri. Kompyuta ikasema ukurasa haupatikani.

"Umeona?" akasema Theonest. "Mtandao."

"Braza, mtandao umekukosea nini?" Nasim akacheka. "Nikikuambia ingia chumba cha pili kushoto, utaingia wapi?"

"Hapa? Chumbani kwa mama."

"Lakini mie nilimaanisha chumba cha pili kwetu Tegeta. Namba hii ni hivyohivyo. Ni anwani ya ndani ya nyumba. Namba zinazoanza na 192.168 zinafanya kazi kwa anayetumia intaneti ya nyumba hiyohiyo tu. Mwalimu Fransis akiiandika kule, itafungua. Wewe ukiiandika Bunju, kompyuta inamtafuta mzee humu ndani mwako."

Theonest alikodoa macho. "Kwa hiyo miezi saba nilikuwa namtafuta baba chumbani kwa mama?"

"Laiti ungempata," mama akasema. Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana.

Nasim alimwelekeza Fransis kwa simu, hatua kwa hatua. Fransis akashika kipanya cha mashine, akaingia kwenye mipangilio, akawasha huduma ya kutazama ukiwa mbali. Kisha akasoma namba ya utambulisho iliyobandikwa chini ya mashine. Kwenye kompyuta yetu Nasim akafungua ukurasa wa kampuni iliyotengeneza mashine ile. Akafungua akaunti kwa jina la Theonest, akaingiza ile namba.

"Neno la siri la mashine?"

"Moja mbili tatu nne tano sita," Theonest akajibu kwa sauti ndogo.

"Toba! Hilo hata mwizi analijua. Mnataka watu wasiowajua wamwangalie mzee wenu?"

Wakalibadilisha palepale. Likawa refu, herufi na namba zimechanganyika. Nasim alitukataza kulibandika kwenye friji.

Sasa majina ya kamera yakatokea: "Uani" na "Getini". Mama akavuta kiti karibu. Nasim akabonyeza "Uani". Kikaja kiboksi cheusi, na kiduara kikizunguka, kikizunguka.

"Si nilisema!" Theonest akaruka. "Mtandao!"

"Ngoja. Ukurasa umefunguka, majina yamekuja, ila picha tu ndiyo nyeusi. Kamera hutuma picha za aina mbili. Kuna kubwa, safi sana, lakini nzito, na vivinjari vingine haviwezi kuisoma. Kuna ndogo, nyepesi. Hapa imechaguliwa kubwa."

Akabonyeza alama iliyo chini ya kiboksi, akachagua picha ndogo.

Kiboksi kikafunguka.

Ulikuwa ni ua wa Muleba. Kahawa imeanikwa juu ya mkeka. Kuku wanapita. Migomba inatikisika kwa upepo. Ukutani kuna benchi la mbao.

Mama aliweka kiganja mdomoni. "Benchi langu," akasema. "Kumbe mgomba ule umezaa! Na mkeka umechanika, hakuna wa kuushona." Aliongea bila kupumua. Kisha akatafuta kwa macho. "Yeye yuko wapi?"

Saa ilikuwa kumi na dakika hamsini. Fransis akatuambia kwenye simu, "Msiondoke hapo. Subirini saa kumi na moja."

"Kuna nini?"

"Nyie subirini."

Saa kumi na moja mlango ukafunguka. Mzee Nikodemu akatoka. Alikuwa amekonda. Alivaa koti jeusi.

"Koti la harusi!" Mama akashtuka. "Nililifungia kabatini. Anakwenda wapi?"

Hakuwa anakwenda popote. Alitembea hadi kwenye benchi, akaketi katikati. Akainua uso akatazama kamera moja kwa moja. Kisha akavua kofia, akaiweka kifuani, akapunga mkono.

Mama naye akapunga. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Miaka arobaini na saba," akasema, "mtu huyu anavua kofia kanisani tu."

"Mwalimu," nikauliza, "umemwambia tunamwona?"

"Sijamwambia kitu," Fransis akajibu. "Siku kamera zinafungwa, Theonest alimwandikia kwenye karatasi kwamba mama atakuwa anamwona hapo jioni. Tangu siku hiyo hajakosa hata jioni moja. Mie nilijua mnamwona."

Theonest aliinamisha kichwa.

Nasim akafungua picha zilizorekodiwa. Jana saa kumi na moja: mzee, koti, kofia kifuani. Juzi, vilevile. Jumapili iliyopita mvua ilikuwa inanyesha. Mzee alisimama na mwavuli akapunga mkono.

"Rudi nyuma," mama akasema. "Nionyeshe zote."

"Mama, mashine hii inatunza siku ishirini tu. Ikijaa, inafuta za zamani."

"Kwa hiyo zile za mwanzo..."

"Zimefutika, mama."

Theonest akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake. "Nisamehe, mama. Ningeuliza mapema. Nilikuwa naona aibu kusema sijui."

Mama alimshika kichwa, macho yake yakiwa palepale kwenye kompyuta. "Nyamaza kwanza, unanizibia."

Fransis alitafuta boksi gumu, akaandika kwa makaa, herufi kubwa: MAMA ANAKUONA SASA HIVI. Tukamwona akiingia uani na kumwekea mzee mbele ya macho.

Mzee alisoma polepole. Akamtazama Fransis. Akaitazama kamera. Alidhani siku zote tunamwona, lakini "sasa hivi" ilimgusa. Alijifuta uso kwa kofia. Kisha akasogea hadi mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akaipangusa kwa mkono.

Mama aliitazama nafasi ile kwa muda mrefu.

Jumapili hatukwenda Mbezi Luis. Mama mwenyewe alifungua begi akarudisha nguo kabatini. Siku hizi haulizii mtandao. Picha ikigoma, ananipigia simu kazini: "Asifiwe, taa za kule zinawaka, nimemuuliza Fransis. Nimechagua picha ndogo. Nifanye nini tena?" Na kila saa kumi na moja kasoro anavaa hereni, anaketi mbele ya kompyuta.

Jana tulimpeleka kliniki. Daktari alisema mfupa unaunga vizuri, bado miezi miwili.

"Miwili ni mingi, daktari," mama akamwambia. "Kuna mtu ameniwekea nafasi."