Shahidi wa Kitanda cha Sita

"Kumi," Mama alijibu, lakini midomo yake haikutikisika.

Muuguzi alidhani ni uchovu wake tu. Tangu asubuhi alikuwa mbiombio wodini, na aliyelala kitanda cha sita, aliyepasuliwa nyonga jana, alikuwa mama yake mzazi. Kila mgonjwa huulizwa maumivu yamefika ngapi, sifuri mpaka kumi. Daktari alishaeleza: tramadoli ingeweza kumwamshia Mama kifafa chake cha zamani; morfini ingekata maumivu, ila ikizidi hulaza pumzi. Wakachagua morfini, kidogo kidogo. Kabati la morfini halifunguliwi bila wauguzi wawili kutia sahihi daftarini.

Saa saba muuguzi mwenzake alipokwenda kula, Mama alilia mpaka binti akashindwa kuvumilia. Alifungua kabati peke yake. "Haya, aliyepo na awe shahidi," alisema kwa mzaha. Alipomaliza kuchoma sindano akakuta sahihi ya pili daftarini, wino haujakauka. Akashukuru kwamba mwenzake amerudi.

Sasa saa nane, sauti ilisihi tena. "Niongeze, mwanangu. Nakufa."

Alikuwa tayari ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano mwenzake alipoingia akifuta mdomo.

"Ahsante kwa ile sahihi, shoga."

"Sahihi gani? Mimi si ndio kwanza narudi!"

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na muuguzi akakumbuka kwamba Mama hajawahi kumwita mwanangu hata siku moja, tangu alipochelewa kutembea humwita Kinyonga mbele za watu na wakwe, akaweka kiganja kifuani pa Mama akahesabu pumzi, sita tu kwa dakika nzima, huku chini ya kitanda kitu kingine kikihema haraka haraka, kwa uchu.

"Lete dawa ya kuzindua!" alinong'ona. "Mama anatuponyoka!"

Walimchoma. Dakika zikapita, kifua kikapanda, kikapanda tena. Mama akafumbua macho, akakunja uso.

"Kinyonga, mbona unalia? Inauma, lakini ni saba tu."

Binti alimkumbatia, akacheka kwa machozi. Kisha akaenda daftarini, akaikata ile sahihi kwa mistari miwili.

Nyuma yake, kwenye kitanda cha saba kilichotandikwa shuka safi na kisicho na mgonjwa, mtu alijibu kabla hajaulizwa, kwa sauti ya muuguzi mwenyewe.

"Kumi."