Nani Kayamwaga Maporomoko?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alhamisi moja ya Agosti mwaka 1857, Bi Annatje Overbagh alifika kwenye bwawa lake juu ya Milima ya Catskill akakuta matope. Lango la mbao lilikuwa wazi na kufuli limevunjwa. Maporomoko ya Bruyn, ambayo yeye huyafungulia wageni wa hoteli kila siku saa nne, yalikuwa mwamba mkavu na vyura wawili walionuna.

Mwenye hoteli, Bwana Schermer, alimfokea mbele ya meza za kahawa.

"Ulilala, Annatje! Na Bwana Delaplaine anapanda leo kutoka New York, anakuja kuyaona kabla hajanunua picha!"

"Mlinzi anayelala havunji kufuli lake mwenyewe, bwana."

"Saa sita mchana nataka jina la mtu. La sivyo, rudisha ufunguo uhame kile kibanda cha mlinzi."

"Pole, bibi," alisema mchoraji wa picha hiyo, Bwana Erastus Whitlow, aliyekuwa mezani na ndara za chumbani. "Mimi nililala fofofo hadi saa moja. Sijasikia chochote."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kibanda kile Annatje alikikalia miaka kumi na tisa, tangu mumewe afariki. Aliogopa sana, na yeye akiogopa huwa mkali. Akateremka moja kwa moja hadi kwa Coonradt Legg, msaga nafaka, ambaye kila kiangazi hulalamika kwamba bwawa linamnyima maji.

"Coonradt, umeniibia maji?"

"Ya kufanyia nini? Tazama!" Gurudumu la kinu lilikuwa limelazwa nyasini tangu Jumanne, likisubiri fundi. "Maji yako yamepita hapa saa kumi alfajiri, yakaondoka na bata wangu watatu. Ukimpata huyo mwizi, wewe shika miguu, mimi nashika kichwa."

Alirudi kupitia jikoni. Kando ya jiko palikuwa na buti zikikaushwa.

"Za nani hizi, Dorcas?"

"Za mchoraji," alisema mpishi. "Kasema kakanyaga umande."

Annatje akaziinua. Tope la kijivu lilifika juu kabisa, na tope la rangi ile lipo mahali pamoja tu mlimani, chini ndani ya bwawa. Lakini kwa nini mtu amwage maji aliyoyachora miezi miwili? Akaingia ukumbini, akafunua pembe ya kitambaa kilichofunika picha, akaguna.

Saa sita wote walikuwa ukumbini. Bwana Delaplaine, mzee mwembamba, alikuwa bado na vumbi la safari. Annatje aliziweka buti mezani, akavuta kitambaa chote.

Maporomoko yalianguka kutoka mawinguni. Palikuwa na tai, kulungu watatu, na mtu mdogo kama sisimizi.

"Msonobari ule wa pembeni," alisema Annatje, "kule mwambani unayafikia maporomoko kiunoni. Hapa unayafikia kisiginoni."

"Sanaa huona kwa jicho la roho!" alisema Whitlow.

"Na roho yako ndiyo iliyoingia bwawani na buti?"

Mchoraji akaketi. "Bwana Delaplaine aliniandikia kwamba hanunui picha iliyotiwa chumvi," alisema kwa unyonge. "Kwamba angesimama pale alinganishe. Nikaona yakikauka, itabidi aniamini."

Schermer akawa mwekundu, akamwambia Annatje abaki na ufunguo wake, bila kumtazama usoni. Annatje alisikia raha hadi magotini.

Bwana Delaplaine alikuwa ameisogelea picha hadi pua ikakaribia kugusa rangi.

"Ndivyo yalivyo," alisema. "Nilikuja hapa na Cornelia wangu, wiki ya harusi yetu. Miaka thelathini na mitatu sasa. Yalikuwa makubwa hivi hivi." Akageuka. "Si kweli, bibi?"

Whitlow alifumba macho. Annatje alimtazama yule mzee, mdomo wake ukiwa tayari na jibu, akalimeza.

"Mwaka huo sikuwapo, bwana. Lakini mchoraji huyu akilifunga lango langu sasa hivi, bwawa litajaa kufikia saa kumi. Utajionea mwenyewe."

Mzee alitazama saa yake, kisha picha, kisha saa tena.

"Gari la farasi la kushuka mlimani linaondoka saa ngapi?"

"Saa nane."

"Nifungieni picha," alisema. "Nitaondoka nalo hilo la saa nane."