Kadi ya Saba ya Golikipa

Haya yalimpata rafiki yangu Ngumbao, mfanyakazi wa reli pale Changamwe, mwaka wa 1946. Mdogo wake, Chengo, alirudi kutoka vita vya Burma akiwa hasemi na hataki kula. Kutwa alikuwa akizipanga mkekani kadi sita za golikipa mmoja maarufu wa Uingereza, zile picha zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara, kisha akiigonga kwa kidole nafasi tupu ya kadi ya saba. Alizidi kukonda. Ngumbao akaapa kuitafuta kadi hiyo, liwe liwalo.

Akaelekezwa Jomvu Kuu kwa mjane aitwaye Kafedha, ambaye marehemu mumewe alikuwa akizikusanya.

"Shikamoo, mama. Nisaidie kadi ya saba ya yule golikipa, ndugu yangu anakwisha."

"Marahaba, mwanangu. Imo mkebeni, chumba cha ndani. Mimi siingii humo."

Ulikuwa mchana, lakini chumba hakikuwa na dirisha, kiza kitupu. Alipokuwa akipapasa uvunguni mwa kitanda, alisikia kadi zikiwekwa sakafuni polepole, moja baada ya moja, karibu na mkono wake.

"Mama, nani yumo humu?"

"Hamna mtu," akajibu Kafedha kutoka uani.

Ngumbao akaupata mkebe, akanyakua kadi iliyokuwamo, akatoka mbio. Juani akaitazama: goli lilikuwapo, mpira ulikuwa hewani, lakini golikipa hakuwapo.

Hakuwa na nyingine, akaipeleka vivyo hivyo. Chengo hakuitazama. Alitazama nyuma ya kaka yake, kisha akasogea kando ya mkeka, akampisha mtu akae.