Ree Mbili za Zuhair

Mapumziko yalikuwa robo saa tu. Wachezaji mia mbili wa mashindano ya poka waliukimbilia mlango mmoja wa mkahawa wa kasino, pale Marrakesh, na glasi ya mwisho ya chai ya nanaa ikadakwa na watu wawili kwa pamoja. Mmoja alikuwa Ghizlan, mfamasia wa Meknes, kavaa koti jeusi na skafu ya rangi ya zafarani. Wa pili alikuwa kijana aliyeitwa Zuhair.

"Dada, chai hiyo nimeshailipia."

"Na mimi nimeshaishika. Rundo lako la sarafu likoje?"

"Kubwa. Kwa nini?"

"Basi kupoteza chai hakukuumizi. Mimi nimebakiwa na kiganja kimoja."

Zuhair alicheka mpaka akaiachia glasi. Mapenzi yao yakaanzia hapo, yakaenda miaka miwili, kwa simu na kwa treni.

Walitaniana kwa lugha ya mezani. "Mwenye rundo kubwa ni mbabe," Zuhair alipenda kusema. "Anatisha watu hata akiwa na karata za ovyo."

"Na mwenye dogo?"

"Huyo haogopi. Akipata karata za maana anasukuma zote, liwalo na liwe. Mwoga ni wa katikati."

"Kama wewe ukiambiwa uje umwone mama yangu."

"Aa, Ghizlan! Hapo umenipiga chini ya mkanda."

Lakini kulikuwa na maneno yaliyomla Ghizlan ndani kwa ndani. Kila akishinda, wanaume walisema anabebwa. Eti ni macho yale, si akili. Fedha hakuzitafuta, duka lake la dawa lilimtosha. Alitaka akae siku moja, moja tu, kwenye meza ya mwisho yenye viti tisa, kamera zikimtazama, midomo ifungwe. Ndiyo maana asubuhi ya siku ya mwisho ya mashindano mengine, Zuhair alipompigia simu, Ghizlan hakuwa na masihara.

"Laazizi, tukikutana meza moja itakuwaje?"

"Nichinje."

"Mh! Mimi, nikuchinje wewe?"

"Ukinihurumia umenimaliza. Apa, Zuhair."

"Wallahi, nitakuchinja kama kondoo wa Idi. Umeridhika?"

"Nimeridhika, roho yangu."

Alasiri wakawa wamebaki kumi, watano watano kwenye meza mbili, kamera tayari zimewashwa. Akitoka mmoja, tisa wanaingia meza ya mwisho. Na kura ikawaweka wapenzi hao meza moja. Zuhair alikuwa na rundo mpaka kidevuni. Ghizlan alibakiwa na sarafu za kutosha dau la lazima mara nane tu. Wale wa katikati walikuwa wamenywea, kila mmoja anaomba mwenzake atoke kwanza, na Zuhair aliwachapa apendavyo.

Ghizlan akapata jozi ya kumi. Kwa rundo lile, kungoja zaidi ni kujinyonga polepole.

"Zote," akasema, akasukuma.

Watatu wakatupa karata. Akabaki Zuhair. Kumfuata, yaani kuweka sarafu sawa na zake, kungemgharimu kiasi ambacho asingekihisi, na mwenye rundo kama lake hufuata hata kwa karata dhaifu. Akazitazama zake. Kisha akamtazama Ghizlan, midomo imemkauka, skafu imelowa jasho shingoni. Ghizlan akaona macho yake yanalainika, akaogopa. La, Zuhair. Tafadhali, la.

Zuhair akazifunua karata zake kila mtu azione: ree mbili, jozi inayozishinda jozi zote. Akazitupa kwa mgawa karata, akatabasamu kama mtu anayetoa pete.

Larbi, mzee wa Kasablanka aliyekaa kando, akapiga kofi mezani.

"Ree mbili anazitupa! Na rundo lile! Astaghfirullah, hata mjukuu wangu angefuata. Mwamuzi!"

Mwamuzi akaja, mama mmoja wa miwani. "Mnajuana?"

"Tunapendana," Ghizlan akajibu. "Lakini sikumwomba."

"Kanuni inakataza kuachiana, haiulizi nani aliomba, binti yangu. Amekuachia, nawe umefaidika. Mnatoka wote wawili."

"Si nilisema?" mtu akanong'ona nyuma yake. "Anabebwa."

Zuhair alimkimbilia hadi nje, kwenye teksi, jua likiwachoma.

"Ghizlan, nisikilize! Nimetupa kila kitu kwa ajili yako. Kesho nakuja Meknes, naongea na mama yako. Nakuoa!"

"Ungenifuata ningetoka wa kumi, na jina langu safi." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Ningekuja kukubusu, mjinga wewe. Ningekubusu mbele yao wote."

"Nilikuonea huruma."

"Najua. Hata wewe uliona siwezi kusimama mwenyewe."

Simu ya Ghizlan ikalia. Alikuwa mama yake, aliyekuwa akitazama mashindano kwenye televisheni huko Meknes pamoja na majirani aliowaalika mwenyewe.

"Mwanangu, nimeona. Huyo ndiye kijana uliyeniambia ni mwema?"

Ghizlan akamtazama Zuhair, kasimama mikono mitupu, shati jeupe limemganda mgongoni. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma.

"Ndiye, mama. Ni mwema sana."

"Anakuja?"

"Haji, mama. Nakuja peke yangu."

Akaingia ndani ya teksi, akaufunga mlango.