Mpira wa Sakafuni

Kila asubuhi fundi cherehani alipiga goti kumfunga mkewe kamba za viatu. Mkewe hakuweza tena kuinama. Kazini, katika chumba cha kufulia cha hospitali, mke huyo aliitwa Chuma, kwa kuwa alitoa mashuka yaliyolowa mashineni kwa mkupuo mmoja, peke yake.

Mgongo ulipomkaza mara ya kwanza, alimwambia msimamizi kwamba ameteleza. Wenzake nao walipoumia walisema hivyo hivyo. Kuteleza ni bahati mbaya. Kushindwa na mashuka ni aibu. Msimamizi, mtu mwema, akatandika mpira sakafu nzima ili watu wasiteleze. Sasa magurudumu ya matoroli ya mashuka yakawa yananata kwenye mpira, na kuyasukuma ikawa kazi ya punda. Migongo ikazidi kuuma.

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” mumewe alimwambia. Akamsihi aende kwa muuguzi wa wafanyakazi.

Muuguzi alimuuliza alikuwa akifanya nini alipoumia.

“Nilikuwa nainua mashuka. Mgongo ukakaza, ndipo nikaanguka.”

“Basi hukuteleza, dada. Umeumia kwa kutumia nguvu kupita kiasi.”

Akamweleza kwamba kuumia huko huja kwa kuinua, kubeba, kusukuma au kuvuta. Hata kazi nyepesi, ikirudiwa kutwa nzima bila kupumzika, huumiza.

“Ukisema umeteleza, tutatibu sakafu,” alisema. “Mgongo utabaki vilevile.”

Chuma aliogopa kupoteza sifa yake. Aliogopa zaidi mgongo usije ukamkosesha kazi kabisa. Kesho yake alimweleza msimamizi ukweli mbele ya wenzake, na aibu ikamshika kweli kweli. Kisha mpiga pasi naye akakiri, na wengine wakafuata.

Mpira uliondolewa kwenye njia ya matoroli, ukabaki penye maji tu. Mashuka yakawa yanatolewa machache machache, na watu wawili, toroli likisogezwa hadi mdomoni mwa mashine. Chuma alipewa kazi ya kukunja taulo kwenye meza inayofika kiunoni, akipumzika mara kwa mara, mpaka apone. Walimtania kwamba chuma kimeshika kutu, naye akacheka.

Asubuhi moja fundi cherehani alipiga goti kama kawaida. Akakuta kamba zimeshafungwa. Alibaki pale chini, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

“Niinue basi,” alisema.

“Ngoja nimwite jirani,” mkewe akajibu. “Siku hizi siinui mzigo peke yangu.”