Siku Saba Bila Moto

Jongoo lilipita tumboni mwa kilima saa tatu asubuhi, na watu wa Kwemkole waliotoka kulitazama hawakuona hata jani likitikisika juu yake. Lilikuwa mashine ya urefu wa mita mia mbili, yenye miguu mia sita ya chuma. Mdomo wake ulichimba, tumbo lake liliyeyusha chuma na kukifinyanga kuwa bomba, na mkia wake ulifukia mtaro na kuotesha majani. Bomba hilo lilianzia nchi jirani, likavuka mpaka, na sasa lilikuwa njiani kwenda baharini. Magari yalikuwa yameacha kunywa mafuta tangu enzi za mababu. Mafuta ya bomba hili yalikuwa ya kutengenezea dawa, nyuzi za nguo na lami.

Injinia Nyamizi Kasubi alilipenda lile dude, wala hakuficha. Kwa miezi kumi na minne alikuwa ametembea mbele yake na kofia yake ya njano, akiliita majina ya kubembeleza na kuligombeza lilipopinda.

Iliyolilisha Jongoo, hata hivyo, ilikuwa Benki ya Ujenzi ya Taifa, kule Dodoma. Benki ilitoa fedha kilomita kwa kilomita, na kila kilomita ilithibitishwa na Mwangalizi, akili bandia iliyoitazama nchi nzima kutoka angani. Mwangalizi ndiye aliyechora njia mbele ya mdomo wa Jongoo, akikwepa kila nyumba hai. Nyumba hai aliitambua kwa jiko, kwani jiko, liwe la kuni au la umeme, halikosi joto. Nyumba iliyokaa siku nne bila joto aliiita hame, na hame lilibomolewa. Mwenyewe akitokea, alikuta nyumba mpya ya kukunjua, vyumba vitatu, funguo mezani. Nyamizi aliuona utaratibu huo wa kistaarabu kabisa, na kila jioni aliutilia saini.

Siku hiyo alikwenda kubandika tangazo kwenye hame la kilomita ya 912. Hame hilo lilikuwa na watu thelathini. Wanaume walikaa kwenye mikeka chini ya turubai, na kutoka ndani zilisikika sauti za wanawake. Nyamizi alivua kofia, akaficha tangazo nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyeshikwa na kosa.

Mwenye nyumba, Mzee Semkiwa Hizza, alimpokea. Walisalimiana, Nyamizi akatoa pole, akaambiwa tumeshapoa. Mkewe, Bi Mwantumu, alikuwa amezikwa siku tano nyuma. Nyamizi akauliza mbona jiko limepoa na wageni wote hawa wanakula. Wazee walimtazama kwa huruma, wakamweleza kwamba nyumba ya msiba haiwashi moto siku saba. Majirani ndio hupika na kuleta. Kwa kawaida wafiwa huhamia kwa mkubwa wa ukoo kulia huko, ila Mzee Semkiwa alikuwa amekataa kuondoka kwake.

Jongoo lingefika saa kumi. Nyamizi aliwaeleza wote kwamba nyumba isiyo na joto ingebomolewa. Kisha akakumbuka jiko dogo la umeme lililokuwa garini mwake. Akalileta. Dakika kumi tu za joto, alisema, na Mwangalizi angechora njia upya. Vijana waliona ni jambo jepesi, na baadhi ya wazee pia. Mzee Semkiwa alilisogeza jiko lile kando.

"Moto wa humu ndani aliuzima Mwantumu mwenyewe, siku aliyokwenda kulala," alisema. "Dada yake ndiye atakayeuwasha, siku ya saba, tukianua matanga. Ukiwashwa leo, mwanangu, tutakuwa tumemwambia tumeshamaliza naye."

"Watabomoa nyumba, baba."

"Nimekusikia. Lakini siwashi."

Nyamizi aliona aibu, na aibu hiyo ilimuuma kuliko hofu. Alirudi mbio kwenye Jongoo akabonyeza kitufe cha kulisimamisha. Kioo kikataka sababu: mwamba, maji, hitilafu au vita. Akaandika yake: msiba. Mwangalizi akajibu kwamba sababu hiyo haitambuliki, kwamba Jongoo lingeendelea baada ya dakika arobaini, na kwamba injinia akilizuia tena benki ingefunga mfereji wa fedha na watu mia nne warudi makwao.

Akapiga simu Dodoma, akamtafuta mtu mwenye damu. Alimpata Mkurugenzi Ngasongwa wa benki, mzee mkavu ambaye hakuwahi kumsikia akicheka. Alimsimulia yote.

"Nani anawapikia?" mkurugenzi aliuliza.

"Majirani, mkurugenzi."

"Baba alipofariki, mama hakuinjika chungu wiki nzima. Nilikuwa nimesahau." Akakohoa. "Lisimame mpaka waanue."

Jongoo likakunja miguu yake mia sita, likalala.

Siku ya saba dada wa marehemu aliingia jikoni na kuwasha moto. Ugali ukasongwa, Nyamizi akakaribishwa mkekani, na kifaa chake kikalia. Mwangalizi alikuwa ameandika: nyumba hai. Aliposomewa, Mzee Semkiwa alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Amechelewa, lakini amefika," alisema, na turubai zima likacheka naye.

Mwangalizi akachora njia mpya, hatua arobaini kutoka ukutani. Kisha, kwa kuwa sasa alikuwa amefundishwa neno msiba, akaomba ruhusa ya kupitia upya kilomita zilizopita. Nyamizi, tonge mkononi, akamruhusu. Jibu lilikuja kabla hajalifikisha mdomoni. Nyumba tisa zilikuwa zimepoa ghafla, zikabomolewa baada ya siku nne, na wenyewe wakarudi siku ya saba. Walitoka kuzika wakakuta funguo mezani. Malalamiko yao tisa yalijibiwa kwa sentensi moja, kwamba jengo lilikuwa hame, na chini ya kila jibu palikuwa na saini ya Nyamizi Kasubi.

Alilirudisha tonge sahanini. Mzee Semkiwa alipomuuliza, hakumficha.

"Utawaambia nini?" mzee alisema.

"Sijui, baba. Nitaanza na pole."

"Ukifika usikimbilie kusema. Kaa kwanza. Na chakula hiki umalize, njia yako ni ndefu."

Alikimaliza chote. Alasiri Jongoo liliamka, likaizunguka nyumba taratibu na kushika njia ya baharini. Nyamizi aliiacha kofia yake ya njano juu ya mgongo wa Jongoo, akageuza gari kuelekea magharibi, kwenye kilomita ya arobaini na moja, ilipokuwa nyumba ya kwanza kati ya zile tisa.